Klampu Mbili za Ushirika

Jumanne ya mwezi kumi na tano Ramadhani, mwaka 1977, saa nne kasorobo asubuhi, keke ya betri, mashine ya kutobolea mbao, ilimtoboa Masolwa mguu. Ilitokea mbele ya maseremala tisa, katika karakana ya ushirika wao nyuma ya maduka ya Gongoni. Wote tisa waliona jambo lilelile, ingawa baadaye kila mmoja alilisimulia kivyake.

Masolwa alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Ubao wa mninga ulilala mbele yake juu ya vipande viwili vya gogo, naye ameukandamiza kwa mguu wa kushoto. Biti ya keke, kile chuma kinachotoboa, ikafika kwenye kifundo cha mti, ikanasa. Kwa kuwa biti haikuweza tena kuzunguka, ubao ndio uliozunguka. Ulimpiga muundi, ukamwangusha ubavu, na keke ikachomoka ikiwa bado inanguruma, kwa sababu alikuwa amebonyeza kile kitufe cha pembeni kinachoifunga swichi ili kidole kisichoke. Ikashuka kati ya kidole gumba cha mguu na mwenzake, ikatokea chini ya wayo.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, zimeni hii kitu."

Aliyeizima ni Abbasi, fundi mkuu, mtu wa miaka hamsini na minne. Aliung'oa waya kwenye betri ya lori iliyokaa juu ya tofali, keke ikanyamaza. Akaitoa biti mguuni kwa kuizungusha kinyume kwa mkono, taratibu, kama anavyoitoa kwenye ubao asioutaka upasuke. Wakamfunga mguu kwa kilemba cha mmoja wao, wakampakia kwenye mkokoteni wa mbao, wakamsukuma hadi hospitali. Njiani Masolwa aliomba radhi mara mbili kwa kuchafua kilemba.

Alasiri ile karakana haikufanya kazi. Madawati thelathini na mawili yalisimama ukutani bila miguu. Kufikia Novemba watoto wote wa miaka saba walitakiwa wawe darasani, na kila dawati lilihitaji matundu manane ya bolti. Kwa ajili ya matundu hayo ndipo ushirika ulipopewa keke ya betri, maana umeme ulikuwa haujavuka barabara kufika upande wao.

Mwenyekiti wa ushirika, Ndugu Marko, hakuwa seremala. Alichaguliwa kwa sababu aliandika vizuri na hakupenda maneno mengi. Alifika na daftari na ile karatasi iliyokuja ndani ya sanduku la keke, akasimama mbele ya Abbasi.

"Mzee Abbasi, pole."

"Tumeshapoa."

"Hapa imeandikwa keke moja, biti kumi na mbili, waya mmoja wenye vishikizo viwili, na klampu mbili za kubania ubao mezani. Keke nimeiona. Klampu zipo?"

"Zipo," alisema Abbasi.

"Na yule bwana wa mkoani aliwafundisha kuzitumia?"

"Alitufundisha."

"Basi." Marko aliandika mstari mmoja, akafunga daftari. "Mafunzo yalitolewa, vifaa vipo, mtu hakuvitumia. Huo ni uzembe. Tutakutana Alhamisi baada ya alasiri tupitishe taarifa."

Abbasi alijua neno uzembe lina maana gani katika kanuni za ushirika. Mwanachama anayeumia kazini hupewa fungu lake hadi apone. Mwanachama anayeumia kwa uzembe huondolewa. Masolwa alitoka Bukene miaka sita iliyopita, na akiondolewa angerudi Bukene kulima, kwa mguu usioweza kukanyaga tuta.

Klampu zilikuwepo kweli. Zilikuwa nyumbani kwake Abbasi, mwendo wa dakika saba kutoka pale, zimekaza mashine ya tambi ya mkewe kwenye kona ya meza.

*

Yule bwana wa mkoani alikuja mwezi wa Mei. Aliwaonyesha mambo matatu, akayarudia. Ubao ubanwe mezani kwa klampu mbili kabla ya keke kuwaka. Biti isibadilishwe kabla ya waya kung'olewa kwenye betri. Mikono mirefu ya kanzu ikunjwe, na kitufe cha pembeni kisiguswe na mtu asiyezoea. Akanywa chai, akapanda gari lake, akaenda zake.

Alipoondoka tu, Abbasi aliinua klampu moja juu ili wote waione. Alisema, "Seremala anayehitaji chuma kimshikie ubao, miguu yake kaiacha wapi?"

Karakana nzima ilicheka. Abbasi alijifunza kutoboa kwa uta wa keke, ule unaovutwa kwa mkono, ameketi chini, ubao chini ya wayo, kama baba yake aliyechonga milango ya wafanyabiashara wa mji huu. Hivyo ndivyo alivyowafundisha wote tisa, Masolwa akiwemo. Uta wa keke una adabu yake: mkono ukisimama, nao husimama. Siku ileile aliketi mkekani, akaubana ubao kwa mguu, akatoboa matundu manane kwa keke mpya bila mkwaruzo. Baada ya hapo klampu zilining'inia msumarini stoo, na ule utani ukawa msemo wa karakana. Aliyeulizia klampu aliulizwa miguu yake iko wapi.

Ramadhani ilipoingia, mguu wa mashine ya tambi ya mkewe, Mwanne, ulivunjika. Abbasi ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Alizichukua klampu akijiambia kwamba ni mpaka Idi.

*

"Umekaa kama mtu aliyefiwa," alisema Mwanne jioni ile walipokuwa wanafuturu. "Yule kijana atapona. Mguu si moyo."

"Marko kaniuliza klampu ziko wapi."

Mwanne aliweka kikombe chini. Alitazama kona ya meza, kisha akamtazama mumewe. "Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia zipo."

"Si uongo. Zipo."

"Mwanne."

"Nasema tu. Mimi ndiye niliyemwambia aweke mguu? Mimi nilikuomba kitu cha kushikia mashine, sikukuomba mali ya ushirika. Ungeniambia ni za watu ningefunga kwa kamba, kama mama alivyokuwa anafunga." Hasira ikamshuka. "Sikiliza, baba Siwema. Kesho asubuhi uzifunge kwenye kikapu, uende mapema kabla ya wenzio, uzitundike msumarini. Nani atajua? Mimi sisemi. Mashine haina mdomo."

Abbasi alilifikiria jambo hilo kwa utaratibu, kama anavyofikiri kabla ya kukata ubao wa gharama. Mwanzo lilionekana zuri. Kisha akaona lilivyo. Klampu zikikutwa msumarini, taarifa ya Marko itakuwa kamili. Vifaa vilikuwepo, mtu akavipuuza. Kuzirudisha kimyakimya kulikuwa sawa na kumwongezea Masolwa shahidi wa uongo.

"Nikizirudisha hivyo, nitakuwa nimemmaliza," alisema.

"Na ukizirudisha vingine utakuwa umejimaliza. Wataita wizi. Miaka thelathini mji huu unakuita fundi, na kuanzia Alhamisi watakuita nini?"

Mwanne hakumngoja ajibu. Alikusanya vyombo.

*

Jumatano baada ya adhuhuri alikuja Nyamizi, mke wa Masolwa. Alikuja kwa miguu kutoka Ng'ambo, na kikapu kichwani. Alipiga magoti kidogo mlangoni.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mgonjwa kaamkaje?"

"Kaamka salama. Anasema kidole gumba hakisikii, lakini hicho kingine kinauma, kwa hiyo kipo." Alicheka kidogo, akatua kikapu. "Nimewaletea michembe, viazi vyetu vikavu. Si mingi. Mkifuturu nayo mchanganye na karanga."

Mwanne alipokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru zaidi ya kawaida. Alikuwa katikati ya kazi. Unga ulikuwa umekandwa, na nusu ya tambi ilikwisha kuanikwa uani kwenye ungo. Nyamizi aliangalia mashine, akaangalia donge la unga.

"Unazungusha peke yako, mama, na umefunga? Hebu nikusaidie. Mimi nimekunywa uji, nina nguvu za wizi."

"Acha, mwanangu, wewe ni mgeni."

"Mgeni gani? Mgeni siku ya tatu mpe jembe, na mimi nimeingia mara ngapi humu?"

Akashika mpini kabla hawajamzuia. Mwanne alilisha unga kwa juu, Nyamizi akazungusha, na tambi zikatoka chini kama nywele ndefu. Meza haikutikisika. Mashine haikusogea hata upana wa ukucha.

"Lo, hii imekazwa vizuri!" alisema Nyamizi. "Ya shangazi yangu kule Bukene mtu mmoja azungushe, wawili washike meza. Hivi vyuma mmevipata wapi?"

Mwanne alishughulika na unga. Abbasi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, aliiona klampu ya kushoto imekaza hasa, skrubu yake imejaa unga mweupe.

Nyamizi hakusubiri jibu. Lililomleta lilikuwa jingine, akalisema huku anazungusha, maana ni rahisi kuomba mikono ikiwa na kazi.

"Mzee, nimesikia kesho kuna kikao. Wanasema mume wangu ni mzembe. Mimi useremala siujui, lakini Masolwa namjua. Huyu mtu hata jembe akilirudisha ndani hulifuta udongo. Nimekuja kukuomba uwaambie. Wewe ukisema, watasikia."

"Yeye mwenyewe anasemaje?" aliuliza Abbasi.

Nyamizi alipunguza mwendo wa mpini. "Amenikataza kusema. Lakini nitasema. Anasema yeye atawaambia alisahau. Nikamuuliza, umesahau nini, wakati hivyo ndivyo mlivyofundishwa wote? Akanigombeza. Eti mwalimu hachongewi. Bora arudi Bukene kuliko kumtia Fundi Abbasi katika maneno." Akaanza tena kuzungusha kwa nguvu. "Bukene kuna nini sasa? Kaka yake amekwisha gawana shamba na wenzake. Samahani, Mzee. Ninaongea sana."

"Huongei sana," alisema Abbasi.

Alipoondoka, Mwanne alimjazia kikapu tambi mbichi, juu akaweka sukari ndani ya karatasi. Alimsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alimkuta mumewe ameinama kwenye meza, anafungua skrubu ya klampu ya kushoto. Ilikuwa ngumu kwa ajili ya unga. Mwanne akaleta kitambaa chenye maji, akainama upande wa pili, akaanza kuifungua ya kulia.

"Nitafunga kwa kamba," alisema.

*

Kikao kilikaa karakanani, watu juu ya magogo na madawati yasiyo na miguu. Masolwa hakuwepo. Marko alisimama kando ya meza ya useremala, akasoma taarifa yake kwa sauti ya kawaida, bila kumpigia mtu kelele.

"'Ndugu Masolwa alipewa mafunzo ya keke ya betri mwezi Mei. Klampu mbili za kubania mbao zilikuwepo stoo. Hakuzitumia. Alifunga kitufe cha swichi kinyume cha maelekezo. Kwa hiyo chanzo cha ajali ni uzembe wa mwanachama.' Kuna mwenye la kuongeza kabla hatujapiga kura?"

Abbasi alisimama na kikapu mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, sentensi ya pili si kweli."

"Ipi?"

"Ya klampu. Hazikuwepo stoo. Zilikuwa kwangu." Akazitoa, akaziweka mezani. Zilikuwa zimeoshwa, lakini kwenye meno ya skrubu ulibaki ukanda mweupe.

Marko alizitazama. "Kwako zikifanya nini?"

"Zikishika mashine ya tambi."

Selemani, mmoja wa maseremala waliokuwa nyuma, alishindwa kujizuia. "Loo! Kumbe tambi tulizokula kwa Fundi juzi zilikuwa za ujamaa!"

Watu walicheka. Walicheka kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, na Abbasi alisimama palepale mpaka walipomaliza. Marko aligonga meza kwa kalamu.

"Juzi nilikuuliza, ukasema zipo."

"Zilikuwepo. Sikusema wapi."

"Huo ni uongo, Mzee Abbasi."

"Ni uongo."

"Na umefunga?" Marko hakuwa Mwislamu. Aliuliza kama anayetaka kujua.

"Nilifunga njaa," alisema Abbasi.

Hapo hakuna aliyecheka. Marko aligeuza ukurasa. "Zilikuwa kwako tangu lini?"

"Tangu mwezi mosi Ramadhani."

"Keke ilikuja Mei. Kuanzia Mei mpaka mwezi mosi zilikuwa msumarini. Kwa nini Masolwa hakuzitumia siku hizo?"

Lilikuwa swali zuri, na Abbasi alikuwa amelitarajia tangu jana. "Kwa sababu mimi nilisema seremala anayehitaji chuma kimshikie ubao, miguu yake kaiacha wapi. Nililisema mbele ya wote. Waulize."

Marko aliwatazama. Watu waliangalia chini, wengine waliangalia paa. Msemo ule walikuwa wameurudia kila mmoja kwa kinywa chake.

"Masolwa aliketi nilivyomketisha," Abbasi aliendelea. "Alishika ubao nilivyomshikisha. Kitufe alikifunga, hilo ni kosa lake, na mimi nilimwona akikifunga wiki nzima nikanyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda haraka. Kifundo kile cha mti kingeweza kukutwa na mguu wangu. Kilikutwa na wake. Hiyo ndiyo tofauti yote."

"Unajua unajishtaki kwa mawili? Kuchukua mali ya ushirika, na kuharibu mafunzo."

"Nahesabu matatu. Umesahau uongo."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Neno uzembe lilifutwa kwenye taarifa ya Masolwa, wote wakikubali. Kuhusu Abbasi, wawili walitaka aondoke, sita walitaka abaki. Alibaki, lakini alivuliwa ufundi mkuu, akautoa ufunguo wa stoo shingoni na kuuweka juu ya meza. Kamba yake ilikuwa imemwachia alama nyeupe.

"Bado moja," alisema Marko. "Isitokee tena. Niandike nini? Nikiandika 'tumieni klampu' mtazitundika msumarini kesho."

Ilikuwa zamu ya fundi mkuu kujibu, na hakukuwa na fundi mkuu.

"Andika hivi," alisema Abbasi kutoka alipokuwa amekaa. "Anayetoboa asiwe ndiye anayeunganisha waya wa betri. Waya ushikwe na mtu mmoja, asiyetoboa. Huyo aje aujaribu ubao kwa mkono wake. Ukicheza, haunganishi, hata mwenye keke akiwa nani."

"Nani atakubali kukaa siku nzima kushika waya?"

"Yule asiyeweza kusimama," alisema Selemani, na safari hii hakuwa anatania.

*

Masolwa alirudi katikati ya Oktoba, na fimbo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa havikunjiki. Walimwekea kigoda kando ya betri, na ufunguo wa stoo ukaning'inia shingoni mwake. Siku za kwanza alikuwa akiunganisha waya kabla mtu hajamaliza kuomba. Watu walikuwa wakubwa wake, na wengine ndio waliomsukuma kwenye mkokoteni siku ile. Marko alipita Ijumaa, akatazama bila kusema kitu, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Abbasi alileta ubao wa dawati, akaubana mezani kwa haraka. Yalibaki matundu mawili, na lori la madawati lilitarajiwa saa sita.

"Unganisha, Masolwa."

Masolwa alisimama kwa fimbo yake, akachechemea mpaka mezani. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unganisha."

Masolwa aliweka kiganja juu ya ubao, akausukuma. Ukasogea upana wa ukucha. Akaondoa mkono.

"Unacheza, Fundi."

"Kidogo tu. Tundu lenyewe moja hapa, moja pale."

Randa za wengine zilipunguza mwendo, moja baada ya nyingine. Masolwa alikuwa ameshika vishikizo vya waya, chekundu mkono huu, cheusi mkono ule. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, lakini mikono haikusogea.

"Nimeanza useremala mama yako hajaolewa," alisema Abbasi kwa sauti ya chini.

"Najua, Fundi. Nenda kakaze."

Abbasi alimtazama. Aliweka keke chini, akazunguka meza, akainama, akaikaza klampu ya kwanza mpaka mbao ikalia, akaenda akaikaza ya pili. Kisha akasimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe.

Masolwa aliegemeza fimbo mezani. Akausukuma ubao kwa mikono miwili, kwa uzito wake wote. Haukusogea. Akarudi kwenye betri, akaunganisha cheusi, akaunganisha chekundu, na Abbasi akavuta miguu yake nyuma kabla ya kugusa swichi.